Kiti cha Mgeni Nyumbani kwa Mama

Malaba, Jumamosi alasiri

Akoth mwanangu,

Wewe na mama yako mmeshuka Busia kuwaaga wajomba zako, na kwa jinsi ninavyowajua wajomba zako hamtarudi kabla ya kulishwa mara tatu. Kwa hiyo nina meza, nina wino, na nina nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza ninaandika nini. Barua hii nitaificha sandukuni mwako chini ya sweta lile la kijani, ili kesho uikute treni ikiwa imeshapita Eldoret, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kubishana nami.

Mambo ya kula, kuvaa, kufunga mlango na kujihadhari na wanaume wenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi, mama yako ameyasema, na kesho stesheni atayasema tena kwa sauti ya kusikiwa na dereva wa treni. Sitayarudia. Mimi nakuletea jibu la swali ulilonitupia wiki tatu zilizopita, nami nikakuambia kula ugali.

Ulikuwa umerudi kutoka Kisumu, kwenye ule mtihani wa sauti, na barua ya redio mkononi. Mama yako akapiga vigelegele kabla haijasomwa. Ukatusomea. Halafu ukatueleza kile ambacho barua haikusema: kwamba yule bwana wa Nairobi aliyewapima alikuita kando akakuambia, "Sauti yako tunaitaka, dada. Lafudhi yako tunakupa miezi mitatu uizike. Ikiwa bado hai, tutakurudisha kwenu pamoja nayo." Ulilisema hilo ukicheka. Nilikutazama mikono, haikuwa inacheka.

Kesho yake nikakuona nyuma ya jiko, umejaza kokoto mdomoni, unamsomea mbuzi gazeti la wiki iliyopita. Mama yako akadhani jino linakuuma, akakuchemshia mwarobaini, nawe ukausukutua mchungu ule siku nne nzima badala ya kusema ukweli. Nilicheka peke yangu stoo. Kisha nikaacha kucheka, maana jioni ile ulikuja ukakaa karibu nami, ukasema, "Baba, wewe uliwezaje? Watu husema mtu akifumba macho ukiwa unaongea anaona Mombasa. Nifundishe."

Nami nikasema, "Kula ugali, unapoa."

Usidhani nilikuwa nimesahau jinsi nilivyofanya. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu, jambo ambalo usimwambie mama yako.

Nilikwenda Mombasa nikiwa na umri kama wako sasa. Nilianza kwa kubeba magunia ghalani, na kwa kuwa nilijua kusoma na nilikuwa na tabia mbaya ya kusoma kila karatasi inayopita mbele ya macho yangu, wakanipa kalamu. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa mjini pale, Bwana Athmani, mtu mwema, mnene, mwenye mzaha. Sisi Wapadhola wa upande wa Uganda, mdomo wetu hauna sh wala z. Si kilema. Hatukuwahi kuzihitaji. Siku yangu ya kwanza mezani nikasema "silingi", na kuanzia hapo ghala zima likaniita Bwana Silingi. Asubuhi Athmani angepita na kusema, "Bwana Silingi, mesa yako leo suri?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Ukicheka pamoja na watu kila siku kwa jambo lile lile, taya huuma namna ya peke yake.

Mchana mmoja, tukiwa tunakula, Athmani akaniomba nimfundishe salamu ya kwetu. Nikamfundisha. Alivyoitamka, wale wabeba magunia wa kwetu wakaanguka chini kwa kicheko. Naye akacheka, akairudia, akaenda zake mwenye furaha. Hakurudi nyumbani akaweka kokoto mdomoni. Nililifikiria jambo hilo miaka mingi baadaye. Lafudhi yake kwetu ilikuwa kichekesho. Lafudhi yangu kwake ilikuwa ugonjwa, na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta dawa.

Dawa yenyewe, kwa kuwa umeiomba, ni hii. Palikuwa na mama mmoja akiuza mahamri njiani kwenda ghalani. Kila asubuhi nilinunua mawili, kisha nikamuuliza kuhusu jirani yake. Basi. Angeongea mpaka mafuta yaungue. Mimi ningesimama nikimtazama midomo, ulimi unapogusa, pumzi inapotokea, na kutoka pale mpaka kazini ningetembea nikiyasema maneno yake kwa sauti ndogo. Miaka miwili nilibeba mdomoni malalamiko ya mwanamke wa Mombasa juu ya jirani yake. Athmani alikuwa wa kwanza kugundua. Akaniambia, "Silingi, siku hizi unaongea kama shangazi yangu." Ikabidi nitafute mwanamume wa kumwigiza, ili kunyoosha mdomo.

Siku moja simu ya ghalani ikalia na hakuna mtu karibu. Nikaipokea. Tukaongea na mtu wa upande wa pili habari za mabehewa, na mwisho akaniuliza, "Kwani wewe ni wa mtaa gani hapa mjini?" Mtaa gani! Nikamtajia mtaa. Siku hiyo nilikula nyama. Mwezi uliofuata nikapewa meza ya simu, na jina la Silingi likafa. Sitakudanganya, Akoth, kwamba haikuwa tamu. Mdomo huu ndio ulionileta kwenye kiti hiki cha karani wa stesheni hapa Malaba. Ningekuwa mnafiki nikikaa juu ya kiti hicho kukuambia hakina maana.

Lakini kuna mtu nilimwacha nje ya hadithi hii kila nilipowasimulia, naye ni Olowo.

Unamjua Olowo kama yule mzee wa kwetu Osukuru mwenye meno machache na vicheko vingi. Mombasa alikuwa mbeba magunia. Kila Jumapili baada ya kanisa alipika samaki chumbani kwake, samaki wa bahari aliyempika kama ngege wa ziwani, na yeyote aliyetoka pande zetu alikuwa na mahali pa kukaa. Wapadhola, Wateso, Wasamia, wote. Tulikula kwa mikono, tukaongea ovyo, Kiswahili kilichovunjika kila mahali, sh hakuna, z hakuna, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Nilikuwa sikosi hata Jumapili moja.

Kisha nikaona jambo. Kila Jumatatu asubuhi mdomo wangu ulikuwa umerudi nyuma. Kazi ya wiki nzima ya kumfuata mama wa mahamri iliharibika kwa sahani moja ya samaki wa Olowo. Basi nikaacha kwenda. Kwanza nilitoa sababu. Baadaye nikaacha hata kutoa sababu, nikawa nikimwona mbali navuka barabara. Siku moja nilichelewa kuvuka.

"Ochwo!" akaniita. "Sasa wewe nakuwa kama mvua ya Karamoja? Hapana onekana?"

"Nimebanwa na kazi, bwana," nikamjibu, kwa lafudhi safi kabisa ya mtaa ule nilioutaja kwenye simu.

 Akacheka, maana ndiye Olowo. "Haya, Bwana Mombasa. Samaki yako nabaki kwa sufuria."

Nikaenda zangu. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na nakuomba ulitazame vizuri, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa yale mahamri.

Sasa nikuambie nilichojifunza juu ya lafudhi kwa kujitazama mwenyewe, maana hakuna aliyenifundisha wala sijakiona kitabuni. Kwa miaka mingi haiondoki. Inajificha. Mahali pake pa kujificha ni patatu: mtu akikasirika, akisali, na akiumia. Wakati ule nilipokuwa bingwa wa simu, gunia liliniangukia mguuni, nikapiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya Osukuru kwa asilimia mia. Ghala likacheka: "Bwana Silingi amefufuka!" Niliona aibu. Lakini miaka kadhaa baadaye, tayari nimehamia hapa Malaba na nimemwoa mama yako, nilijigonga kidole kwa nyundo nikirekebisha mlango huu wa jikoni, na neno lililonitoka lilikuwa la Mombasa. Nikajisifu. Nikamwambia mama yako, "Umesikia? Hata maumivu yangu yamestaarabika." Siku hiyo ndiyo niliyopaswa kuogopa.

Mama yako hakunisifu. Alinifunga kidole. Yeye, kama unavyomjua, ana lafudhi nne na huzivaa kama vitambaa vya kichwa. Sokoni Busia humwona mteja kwa mbali na mdomo wake unajitayarisha kabla hajafika. Huongea na huyu kama jirani yake na yule kama shemeji yake, na wote wanaondoka na dagaa. Lakini jioni akifika nyumbani anavivua vyote na kubaki na Kisamia chake. Kuvaa hata mimi nilijua. Yeye alijua kuning'iniza vile vingine mahali ambapo angevikuta. Mimi changu nilikitupa.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Babu yako alipofariki ulikuwa shule ya bweni, na uliporudi nikakuambia kwamba nilichelewa mazishi kwa sababu ya treni. Siku ile hakukuwa na treni. Wewe ni mtoto wa stesheni, ulilijua hilo vizuri kuliko mimi, ukanyamaza. Nakushukuru kwa kunyamaza. Haikuwa treni.

Mama yako alikuwa Osukuru tangu wiki iliyotangulia akisaidia kumuuguza. Habari ikanifikia Jumamosi, mazishi Jumapili mchana. Kwa kuwa treni hapana, nikavaa koti langu jeusi, nikashika njia ya miguu, ile inayovuka mto chini kabisa ya daraja. Sikuwa nimeipita tangu ujana wangu. Siku zote nilikwenda Tororo kwa treni na kutokea huko. Osukuru si mbali, ni ng'ambo tu ya mto, vilima vyake unaviona ukiwa hapa mlangoni. Niliondoka Jumapili mapema, nilikuwa na saa nyingi.

Miaka ile, tangu nchi zipate bendera zake, wezi wa ng'ombe walikuwa wamejifunza kwamba mnyama akivuka mto anakuwa mgeni, na kumfuata ni kazi. Basi watu wa pale wakaweka walinzi wao wenyewe kwenye kivuko kile. Mkuu wao alikuwa mzee Mteso, Mzee Ekisa, anakaa juu ya jiwe na fimbo yake. Karatasi hakuuliza, maana hakujua kusoma. Alikuwa na njia yake, na kila aliyetumia kivuko kile aliijua isipokuwa mimi. Alimwamkia kila mtu kwa Kiswahili. Si kwa Kiteso, wala Dhopadhola. Kwa Kiswahili, lugha ambayo pale si ya mtu. Salamu za lugha ya kwenu mwizi anaweza kuzikariri. Lakini mpe mtu lugha ya kuazima, na lugha ya mama yake itachungulia ndani yake. Mzee Ekisa hakusikiliza jibu. Alisikiliza mdomo. Akishausikia alijua kilima chako, akakupungia mkono bila kuinua macho.

Kando yake aliketi mama mmoja Mpadhola akiuza viazi vya kuchemsha.

"Habari ya huko?" Mzee Ekisa akaniuliza.

Nami, Akoth, katika siku ya kumzika baba yangu, nikataka kumpendeza. Nikatoa Kiswahili changu cha sikukuu. Nikamwambia shikamoo, neno ambalo pale mtoni hakuna aliyewahi kulihitaji tangu maji yaanze kutiririka. Nikamweleza kwa ufasaha niendako na ninayemzika.

Akainua macho.

"Wewe natoka wapi?"

"Kwetu ni hapo Osukuru, mzee wangu. Mimi ni mtoto wa Owere. Ndiye tunayemzika leo."

"Owere nasikwa leo, kila mtu najua," akasema polepole. "Hata mwisi najua. Leo boma zote hapana mtu. Ng'ombe nabaki peke yake."

 Katika mambo yote niliyoyasikia juu ya mazishi yale, hilo ndilo lililokuwa na akili zaidi. Nikageukia Dhopadhola, nikasema na yule mama wa viazi. Nilisema yote, jina la baba, jina la mama, kisima, mti ulioanguka, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiazi nusu kimemenywa. Kisha akamgeukia Mzee Ekisa.

"Huyu naongea Dhopadhola kama padre msungu," akasema. "Kila neno iko sawa. Lakini hapana moja ya kwake."

Ndipo nikafanya jambo la kijinga kuliko yote. Nikajaribu kuirudisha. Nikaitafuta lafudhi yangu ya zamani, ile ya Bwana Silingi, nikaivaa pale pale mbele yao: "Mimi ntu ya hapa, msee, nasema kweli, hii ni sida tupu." Mama wa viazi akaacha kumenya. Mzee Ekisa akasimama, na fimbo yake ikasimama naye.

"Sasa nacheka sisi," akasema.

Nilikuwa nimeuvaa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyeamini kwamba ni wangu. Hata mimi nilijisikia kama mwigizaji mbaya.

Hawakunipiga. Walikuwa watu wa haki. Mzee Ekisa akanionyesha jiwe, akasema nikae pale mpaka apite mtu wa Osukuru anayenijua, niende kwa amani. Ni uamuzi ambao hata mimi ningeutoa. Isipokuwa watu wote wa Osukuru wanaonijua walikuwa mahali pamoja, wamezunguka kaburi la baba yangu, wananingoja. Nilikaa kwenye jiwe nikiwa na koti jeusi, kilima chetu kiko mbele ya macho yangu, jua likapanda, jua likasimama, jua likaanza kushuka. Yule mama alinipa kiazi. Nilikula.

Aliyenitoa ni Olowo. Mama yangu alimtuma anitafute mara tu baada ya maziko. Alikuja akihema, suruali imejaa udongo mwekundu magotini, akaniona kwenye jiwe.  Alimgeukia Mzee Ekisa, na kwa Kiswahili kile kile nilichokivukia barabara Mombasa, kilichopinda kila pembe, akasema, "Msee, huyo ntu yetu. Wacha yeye."

Maneno matano, sita. Mzee Ekisa hakumuuliza jina. Hakumuuliza anatoka wapi. Alikuwa ameshasikia. Akanipungia mkono, akarudi kukaa.

Njiani Olowo akaniambia, "Tulingoja wewe mpaka jua nageuka." Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mwana wa kwanza. Walimpa baba yako mdogo autupe kwa niaba yangu. Sikumuuliza Olowo kuhusu udongo wa magotini mwake. Nadhani alipiga magoti kaburini mahali pangu.

Nilipofika uani wanawake walikuwa wamekaa chini, nyanya yako katikati, kichwa ameinamisha, kitambaa kimeshuka mpaka machoni. Nikasimama nyuma ya watu, nikatoa pole yangu kwa Dhopadhola, ile pole ya kwetu ndefu, bila kukosea hata neno. Bila kuinua kichwa, mama yangu akawaambia wasichana, "Mleteeni mgeni kiti."

Kiti kikaletwa. Ndipo akainua kichwa akaniona.

Hakuna aliyecheka, Akoth. Ningelipa chochote mtu acheke. Kulikuwa na mkeka pale, kulikuwa na nafasi karibu na magoti yake, na watu wote walikuwa wakinitazama nitafanya nini. Nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa na aibu na uchovu, kiti kilikuwa karibu, nikakaa. Tulirudi hapa Malaba na mama yako. Tulipofungua mlango akasema neno moja tu: "Ulikaa."

Tangu siku hiyo, kila nikienda kumwona nyanya yako, hunitolea kiti kile kwa mikono yake mwenyewe. Umekiona, kile cha kamba. Uliwahi kuniuliza kwa nini wajukuu hukatazwa kukikalia. Sijui kama ni adhabu, au ni heshima, au ni mazoea ya mzee. Sijamuuliza. Ningelazimika kumuuliza kwa sauti hii.

Basi sasa unajua kwa nini nilikuambia ule ugali.

Sikuambii uwakatalie watu wa redio. Yule bwana ana hoja yake. Habari wanasikiliza watu wa Lamu na watu wa Turkana, na msikilizaji ana haki ya kuelewa nini kimetokea bila kujiuliza kwanza msomaji ni binti wa nani. Nenda ukajifunze. Zile kokoto tema. Hazikusaidii, zinamtesa mbuzi tu. Tafuta mtu mwenye malalamiko mengi, umuulize kuhusu jirani yake, umtazame midomo. Utaweza. Una sikio langu na akili ya mama yako, na mimi niliweza nikiwa na sikio tu.

Lakini Jumapili usiwape. Binti wa Olowo, Nyafwono, ameolewa na mtu wa reli, anakaa Makongeni, huko huko Nairobi, na Olowo ananiambia anapika samaki kama baba yake, yaani vibaya kwa namna nzuri. Nimeshamwandikia kwamba utakuja. Nenda, kaa chini, uongee ovyo mpaka ushibe. Mombasa hakuwepo mwingine wa kuongea naye vibaya ila watu wa chumba kile, nami niliwakimbia ili nisiharibu Jumatatu yangu. Jumatatu mdomo utakuwa mzito. Acha uwe mzito. Watakucheka mpaka saa nne, kufikia Jumanne umenyooka. Mimi nilidhani Jumatatu zile ni hasara. Zilikuwa ndizo njia yangu ya kurudi, nami nikaziziba moja moja kwa bidii ya mwanafunzi hodari.

Na wakikuambia baada ya miezi mitatu kwamba bado ipo? Utarudi nayo. Chumba chako kipo na mbuzi yupo. Lakini nisijifanye mtakatifu: ningependa ushinde. Ningependa sana kukusikia.

Nimepanga hivi. Kesho ukishaondoka nitavuka kwa miguu kwenda kumwambia nyanya yako kwamba umesafiri. Mzee Ekisa bado yupo kwenye jiwe lake, siku hizi tunafahamiana, huwa ananiita Padre. Nyanya yako atanitolea kiti. Safari hii nitakaa mkekani. Magoti yangu si yale ya zamani, na huenda watu wawili wakahitajika kuniinua, lakini nitakaa.

Na siku utakayosoma habari kwa mara ya kwanza, tuandikie mapema, nitabeba redio yetu mpaka Osukuru na betri mpya ndani yake. Nyanya yako Kiswahili hakijui sana, kwa hiyo habari hatazisikiliza. Atasikiliza mdomo. Mimi na yeye tutakuwa chini mkekani, na redio nitaiweka juu ya kile kiti cha kamba, maana siku hiyo mgeni utakuwa wewe. Sitamwambia ni nani anayesoma. Nitamtazama tu usoni.

Akisema "Akoth" kabla wewe hujalitaja jina lako, nitaishusha redio mkekani, katikati yetu.

Baba yako,
Ochwo